Asiyeamini Mungu Zanzibar: sheria inamlinda hadi wapi, na ana msingi gani wa kutetea haki za wengine?

Mwalimu wa Chake (ameuliza)

Assalaam alaykum kwa wenye kuitika, na heri kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari kisiwani Pemba. Nimezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, nimekaa chuoni hadi nikahitimu Kurani, na kwa miaka kadhaa sasa siamini kwamba Mungu yupo. Naomba nieleze mapema kuwa sikuja kujadili hoja za kuwapo au kutokuwapo kwake, wala sina haja ya kumtoa mtu yeyote katika dini yake. Nilipofika nimefika peke yangu, kwa kusoma na kufikiri. Sikushawishiwa na mtu wala sikulipwa na shirika, dhana ambayo najua ndiyo ya kwanza kumjia mtu wa kwetu anaposikia habari kama hii.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la sheria: mtu wa aina yangu, anayeishi Unguja au Pemba, analindwa na nini na hadi wapi? Sizungumzii macho ya majirani, hayo nayajua. Nazungumzia askari, hakimu, mwajiri na kadhi.

La pili linanisumbua zaidi. Hivi karibuni mazungumzo barazani yalifika kwenye habari za masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, walioanza kukamatwa mwaka 2012, baadaye wakapelekwa mahabusu Dar es Salaam, wakakaa huko hadi mashtaka ya ugaidi yalipofutwa Juni 2021 pasi na mahkama kutoa hukumu yoyote. Nilisema kuwa kumweka mtu ndani kwa miaka yote hiyo bila ya kumtia hatiani ni dhulma, na kwamba ingekuwa dhulma hata kama kila neno walilolisema majukwaani lilikuwa la kuchukiza. Rafiki yangu mmoja, ambaye anajua nisivyoamini, alinisubiri hadi tukawa wawili, akaniambia kwamba sina pa kusimama katika jambo hilo. Haki, alisema, ni amana iliyotoka kwa Mungu, na anayemkana mwenye kuitoa hana uso wa kuidai, si kwa nafsi yake wala kwa niaba ya mwengine. Tena akaongeza kuwa masheikh wale wale, lau wangepewa nchi, mimi ningekuwa wa mwanzo kushughulikiwa.

Hilo la mwisho huenda ni kweli, na bado naona nilichosema kilikuwa sahihi. Nataka kujua kama ninayo hoja au nina ukaidi tu.

Wakili wa Mjini

Mwalimu, swali lako la kwanza nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo kazi yangu. La pili nitawaachia wenye kulijua zaidi, ingawa nina neno moja la kusema mwishoni.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatamka katika Ibara ya 3 kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Wananchi wana dini zao. Dola ndiyo isiyokuwa nayo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba hiyo kwa marekebisho ya mwaka 1984, mwaka ule ule Zanzibar ilipopata Katiba yake ya sasa, na kwa sadfa inayowafurahisha wanafunzi wa sheria wasiopenda kukariri, ibara inayohusika ni ya 19 katika katiba zote mbili. Kila mtu amepewa uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Wapo wanaodai kwamba kubadilisha ni kutoka dini hii kwenda ile, na kwamba anayetoka bila ya kwenda popote hakutajwa. Mimi sioni kuwa maneno ya ibara yanaubeba ufinyu huo, kwa sababu uhuru wa mawazo umetajwa kabla ya dini yenyewe kutajwa. Aidha, Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao Ibara yake ya 18 inahusu jambo hili hili, na Kamati ya Haki za Binadamu inayousimamia mkataba huo ilieleza mwaka 1993 kwamba ibara hiyo inalinda imani zenye Mungu, zisizo na Mungu na za wanaomkana Mungu, na vilevile haki ya kutokuwa na dini yoyote. Maelezo ya Kamati hayazifungi mahkama zetu moja kwa moja, lakini ni vigumu kwa serikali kusimama hadharani ikasema kuwa ilisaini kitu kingine.

Kuna hukumu moja ya kwetu ambayo ningependa uijue. Mwaka 2013 Mahkama ya Rufani ya Tanzania iliwapa ushindi wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliokuwa wamefukuzwa skuli kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Ni jambo la kuchekesha kidogo ukilitazama vizuri: dola isiyokuwa na dini ina wimbo unaoanza kwa kumwomba Mungu aibariki Afrika, na waliokataa kuuimba wakafika hadi mahkama ya juu kabisa walikuwa watu wa dini, tena wenye dini kali. Lakini kinga waliyoipata haikuandikwa kwa ajili ya Mashahidi wa Yehova peke yao. Niongeze tahadhari ambayo wengi huisahau: Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar inaitoa Mahkama ya Rufani katika tafsiri ya Katiba hiyo na katika mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahkama ya Kadhi. Kwa hiyo shauri linaloegemea Ibara ya 19 ya Zanzibar peke yake litamalizikia Mahkama Kuu ya Zanzibar, na hukumu ile ya 2013 itakuwa ni hoja ya kushawishi tu.

Kuhusu kadhi. Sheria ya Mahkama ya Kadhi, Namba 9 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, inawapa makadhi ndoa, talaka, malezi, mirathi na mengineyo ya namna hiyo baina ya Waislamu. Haiwapi mamlaka ya jinai. Hakuna sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi inayofanya kuritadi, yaani kutoka katika Uislamu, kuwa kosa la jinai, na kadhi hawezi kumfunga mtu kwa alichokiacha kukiamini. Ambacho anaweza kukifanya, na hapa watu huumia kweli, ni kuamua iwapo ndoa bado ipo na nani ni mrithi. Hilo ninamwachia Maalim, kwani naona huwa anapita hapa.

Kuhusu askari. Lazima utenganishe kuamini na kudhihirisha. Kilichomo kifuani hakina mpaka wa kisheria. Kinachotoka mdomoni na kwenye simu kinao, kwa mujibu wa Ibara ya 24 ya Katiba ya Zanzibar na Ibara ya 30 ya ile ya Muungano. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2018, ina makosa yanayohusu dini, yakiwamo ya kuitusi dini ya watu na kuvuruga ibada. Kusema "mimi siamini" si tusi. Kuandika kejeli juu ya Mtume ukaisambaza kwenye makundi ya simu ni jambo ambalo mwendesha mashtaka ataliona kuwa ni tusi, na hapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo isipokuwa kwa kifungu kimoja inatumika pande zote mbili za Muungano, inaweza kufuata nyuma. Baina ya hayo mawili kuna uwanja mpana ambao hauna mstari unaoonekana, na mimi singemshauri mteja wangu autafute kwa miguu yake.

Ramadhani ni mfano mzuri wa uwanja huo. Unachokila nyumbani kwako ukiwa umefunga mlango ni cha faragha yako, na faragha nayo inalindwa na Katiba. Hadharani ni habari nyingine: mwaka 2024 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu kwa kula mchana, na watetezi wa haki za binadamu wakahoji ni sheria ipi iliyotumika. Nami nimehoji, na sijaridhika na majibu niliyoyasikia. Adabu ya kutokula mbele ya aliyefunga ni adabu njema ambayo mimi mwenyewe naishika na ambayo wageni wengi wasio Waislamu huishika bila ya kuambiwa. Kuigeuza adabu kuwa pingu kunahitaji sheria iliyoandikwa, iliyopitishwa na kujulikana, na askari anayemkamata mtu anapaswa kuweza kuitaja kifungu kwa kifungu.

Neno langu juu ya swali la pili ni hili. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kuona hakimu akimuuliza mwombaji dhamana kama anakubaliana na falsafa ya haki. Dhamana ni ya aliyekamatwa.

Mzee wa Malindi

Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu. Mimi sina sheria ila umri.

Visiwa hivi karibu watu wote ni Waislamu, na pamoja na hayo tumekaa na Mabaniani na mahekalu yao, na Mabohora, na Ithnaasharia, na Maparisi walioabudu kwa moto, na Wakristo ambao kanisa lao la Mkunazini limesimama pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hakuna aliyewauliza. Mtu asiyeamini akinyamaza, naye hakuna atakayemuuliza. Basi kwa nini atafute kulindwa na kile ambacho hakimfuati? Mambo haya ya uhuru wa mtu mmoja mmoja yametoka Ulaya, na yakija huja na wenziwe. Leo mtu anadai haki ya kutoamini, kesho atadai nini? Tena mko wangapi nyinyi hata nchi ishughulike?

Mwalimu, sikutakii mabaya. Nakutakia uongofu.

Bint wa Wete

Mzee wangu, shikamoo, na naomba radhi mapema kama nitakupinga, kwani ni kwa heshima.

Umeuliza wako wangapi. Hakuna ajuaye, kwa sababu sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967. Na hata wangeulizwa, nani angejibu kweli mbele ya karani wa sensa aliye mtoto wa jirani? Lakini nadhani idadi haina kazi hapa. Umewataja Maparisi. Walikuwa wachache mno, na hekalu lao lilibaki bila ya waumini wa kutosha kuliendesha, na hakuna aliyesema kuwa kwa uchache wao basi linafaa kuchukuliwa tu.

Kuhusu kwamba uhuru huu umetoka Ulaya, naomba nikumbushe jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 visiwa hivi vilikaa miaka 15, hadi 1979, bila ya katiba yake. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi walichukuliwa wakaozwa kwa nguvu wakubwa wa serikali, na jamaa zao waliopinga wakatiwa ndani. Mahkama za wananchi zilifanya kazi bila ya wakili kuruhusiwa kuingia. Wazee wa wasichana wale hawakuhitaji kusoma kitabu cha Mzungu ili wajue kwamba walichonyimwa kilikuwa chao. Walijua, na walikijua kwa dini yao. Na kwetu Pemba nani asiyeikumbuka Januari 2001, watu walipouawa kwa risasi katika maandamano? Tulidai haki ya kukusanyika na kusema, na hatukusema kuwa haki hiyo ni ya Wazungu.

Umesema pia kwamba anayenyamaza haulizwi. Ni kweli kwa mwanamme. Mwanamme asiyeamini anaweza kuikosa sala ya alasiri kila siku, na watu watasema ana kazi nyingi. Mwanamke haulizwi moyo wake lakini nguo zake zinaulizwa, matembezi yake yanaulizwa, na akikataa mchumba anaulizwa sababu. Mimi ni Muislamu, nasali na nafunga na navaa buibui langu kwa hiari yangu, na kwa sababu ni kwa hiari yangu ndiyo maana linanipendeza. Nina kaka yangu wa tumbo moja ambaye haamini. Ndani ya nyumba sote tunajua na hakuna anayelitamka. Mama anamwekea futari kila siku naye anaila pamoja nasi magharibi, na mchana wake hatumuulizi.

Kinachonitia hofu kwa kaka yangu si polisi. Ni siku atakapogombana na mtu kwa ajili ya kiwanja au karafuu, na yule mtu akasimama akasema: "Huyu si Muislamu, harithi." Kauli inaweza kuzikwa miaka 20 ikafukuliwa siku ya kugawana. Maalim, hili ndilo nililotaka ulijibu.

Maalim wa Mkunazini

Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Nimeitwa mara mbili, basi sina budi.

Nianze na rafiki wa Mwalimu, kwa sababu hoja yake imevaa nguo ya dini na mimi naona nguo hiyo haimkai. Amesema haki zimetoka kwa Mungu, na hilo nalikubali kwa moyo wangu wote. Lakini Mwenyezi Mungu aliposema katika Suratul Israa, aya ya 70, kwamba amewatukuza wanaadamu, hakusema amewatukuza Waislamu peke yao, wala hakusema kuwa utukufu huo unafutika kwa anayemkanusha. Anawalisha wanaomkanusha na kuwapa afya na watoto. Ikiwa mwenye kutoa hakumnyima, mimi ni nani hata nimnyime? Kafiri akidhulumiwa, dua yake inasikilizwa kwa sababu ya dhulma ile, na hili ni mafundisho yetu ya kawaida kabisa. Kwa hiyo Mwalimu aliposema kuwa masheikh wale walidhulumiwa, alisema kweli, na ukweli haupungui kwa kutoka katika mdomo wa asiyeamini. Nilikuwa na wanafunzi wangu walioumia kwa kadhia ile. Wakati huo waliothubutu kusema walikuwa wachache, na sikuwa nikiwahoji imani zao kabla ya kuwashukuru.

Sasa yale ambayo Mwalimu hatayapenda. Kwetu sisi kutoka katika dini ni msiba mkubwa, na sitalificha hilo ili nionekane mpole. Vitabu vya fikihi vya madhehebu yetu ya Shafi vina hukumu kali juu ya aliyeritadi, na hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari inajulikana na kila mwanafunzi wa chuoni. Hata hivyo, hukumu zile hazikuwa za mtu wa mtaani wala za kijana mwenye panga. Zilikuwa za mtawala na kadhi wake, na dola tuliyonayo haikukabidhi mamlaka hayo kwa mtu yeyote. Anayejipa mwenyewe amemuasi Mungu kabla ya kuivunja sheria ya nchi. Na katika wanazuoni wa karne iliyopita, Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, alieleza kwamba ukafiri peke yake si sababu ya kuihalalisha damu ya mtu, bali ni kuwapiga vita Waislamu. Wapo waliomkubali na wapo waliompinga. Mimi kila nikiisoma aya ya 256 ya Suratul Baqara, isemayo kuwa hapana kulazimishana katika dini, naona ya kwamba imani iliyotiwa kwa fimbo haina thamani mbele ya Anayeyajua yaliyomo vifuani.

Kuhusu mirathi, Bint wa Wete, jibu ni gumu lakini lina milango. Asiyekuwa Muislamu hamrithi Muislamu; hii ni rai ya jumhuri, yaani wanazuoni walio wengi. Lakini si rahisi kama yule mgomvi wa kiwanja anavyodhani. Anayedai kuwa fulani ametoka katika dini anatakiwa athibitishe, na asili ya mtu aliyezaliwa na kukulia katika Uislamu ni Uislamu wake hadi ithibitike kinyume. Uvumi wa barazani si ushahidi, wala kutoonekana msikitini si ushahidi. Na mzee anayejua hali ya mwanawe na asiyetaka aachwe mikono mitupu anaweza kumpa hiba wakati yu hai na mwenye akili zake, akamkabidhi kabisa, na kilichokabidhiwa kimetoka katika mirathi. Wasia wa hadi theluthi moja kwa asiyekuwa mrithi nao upo, ingawa kwa aliyeritadi wanazuoni wamekhitalifiana. Kwa hiyo hiba ndiyo iliyo salama. Mwambieni mama aite mashahidi na aandike.

Mwalimu, nawe nina ombi kwako. Una watoto wa watu mbele yako kila asubuhi. Wazazi wamekukabidhi wakufundishe somo lako. Uhuru wako usiutumie kwao.

Mwalimu wa Chake (ameuliza)

Nawashukuru nyote, na zaidi Maalim, ambaye amenijibu kwa uwazi kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu wanafunzi, nimekubali bila ya shida, na ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Darasa si langu la kuhubiria, kama ambavyo nisingependa mwalimu wa dini nyingine alifanye lake. Ila niseme kwamba mwanafunzi akiniuliza uso kwa uso kama naamini, nitamwambia akamuulize mwalimu wa dini habari za dini. Sitamdanganya kwa kusema naamini. Kunyamaza naweza, kwa sababu ni adabu, na adabu za kwetu nazipenda hata pale nilipoiacha imani iliyozizaa. Kuapa uongo siwezi.

Kwa rafiki yangu sasa ninayo hoja. Yeye anasimama juu ya amri ya Mungu anaposema mtu asidhulumiwe. Mimi nasimama juu ya kile ninachokiona dhulma inakifanya kwa mtu, kwa mkewe, kwa watoto wake waliokua bila ya kumuona. Tumefika pahala pamoja kwa njia mbili, na naona utangulizi wa Katiba ya Muungano umetuachia nafasi sote wawili, maana unataja uhuru, haki, udugu na amani bila ya kusema vimetoka kwa nani. Katiba ya Kenya ya 2010 imemtaja Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake, na wala sidhani kwamba Wakenya wasioamini wamepoteza haki kwa hilo; lakini mimi nashukuru kwamba yetu ilinyamaza.

Na lile la kuwa masheikh wangenishughulikia lau wangeshika nchi, nimelitafakari. Nikikubali kwamba mtu anyimwe dhamana kwa sababu ya atakayoyafanya siku moja akipata nguvu, nimempa mwenye nguvu wa leo ufunguo wa mlango wangu mwenyewe. Yeye haogopi masheikh peke yao. Mwaka wowote anaweza kuamua kuwa wasioamini nao ni hatari kwa amani, na tayari tumeona wapi jambo hilo linafika: Nigeria, Mubarak Bala, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya wasioamini nchini humo, alikamatwa Aprili 2020 kwa maandishi ya mtandaoni, akahukumiwa huko Kano miaka 24 mwaka 2022, hukumu ikapunguzwa hadi miaka 5 kwenye rufaa mwaka 2024, naye akatoka Januari 2025. Alikaa muda mrefu kabla hata ya kufunguliwa mashtaka. Nilipoisoma habari yake nilikuwa nikiona kadhia ya Uamsho, jinsi kalenda ilivyotumika kuwa adhabu.

Wakili, nina swali dogo lililobaki. Nikiitwa mahkamani kutoa ushahidi, na nikiletewa msahafu, nifanye nini?

Wakili wa Mjini

Mwombe hakimu, kabla hujapanda kizimbani, akuruhusu kuthibitisha badala ya kuapa. Sheria ya viapo ya Bara inamtaja waziwazi mtu anayepinga kuapa kwa sababu hana imani ya dini, na inamruhusu atoe uthibitisho, ambao una uzito ule ule na adhabu ile ile ya kusema uongo. Mzee wa Malindi atasema ni la Ulaya tena, na safari hii atakuwa na haki: asili yake ni Charles Bradlaugh, asiyeamini Mungu, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, akazuiwa kukaa bungeni kwa ajili ya kiapo, wapiga kura wake wakamrudisha tena na tena, akakaa hatimaye mwaka 1886, na sheria ya kuwaruhusu watu wa aina yake kuthibitisha ikapita mwaka 1888. Miaka miwili baadaye Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Leo uthibitisho unatumiwa kila siku katika mahkama za Bara na mashahidi Waislamu, ambao sheria ile ile imewapa njia hiyo kwa kuwa si Wakristo, na sidhani kama wengi wao wamewahi kumsikia Bradlaugh.

Kwa kuwa Nigeria imetajwa, nitaje na jirani. Jumuiya ya wasioamini Mungu ya Kenya ilisajiliwa Februari 2016, ikasimamishwa baada ya muda mfupi kwa hoja ya utulivu wa jamii, na baadaye usajili wake ukarejeshwa. Sikushauri ujaribu jambo hilo hapa kwa sasa, na wewe hukuuliza. Ninachokushauri ni karatasi. Andika wosia wako, na ueleze unavyotaka maziko yako yawe, kwa sababu ukinyamaza utazikwa kwa desturi ya familia na hakuna mahkama itakayofika kabla ya alasiri. Ikiwa una mke, zungumza naye sasa na umfahamishe mlango wa kadhi unavyofunguka na nani anaweza kuufungua. Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Bara haitumiki huku, kwa hiyo msiitegemee. Na kaka yake Bint wa Wete naye afanyiwe ile hiba kama alivyosema Maalim. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar husaidia wasio na uwezo wa wakili. Wakifika hapo wasianze na habari za imani, waanze na hati ya kiwanja.

Mzee wa Malindi

Hiyo hiba iandikwe mapema. Nimeona familia mbili zikivunjika kwa karafuu, na wote walikuwa wakisali.